Kifo Tusichokijua Sababu Yake

Neno la kutafakari: Luka 13: 1–5



Watu walimjia Bwana wakimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato walipokuwa wakitoa dhabihu zao. Walitaka kusikia atanena nini juu ya watu waliokufa namna ile. Naye akawaongezea habari ya pili, habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akawauliza kama walidhani ya kuwa watu hao walikuwa na deni kubwa kuliko wenyeji wengine wote wa Yerusalemu. Akajijibu mwenyewe kwamba sivyo. Angalieni jambo hili. Bwana hakuwaeleza kwa nini mnara ulianguka. Hakusema kama msingi ulikuwa mbovu, au fundi alikuwa mvivu, au watu wale walikaa mahali walipokatazwa. Swali hilo aliliacha bila jibu, akawageuza wenye kuuliza wajitazame nafsi zao.

Neno hili twalisoma upesi, tukidhani lawahusu Wayahudi wa zamani. Mimi nalilisoma hivyo miaka mingi, hata siku ile ziwa lilipomrudisha mtoto wetu mmoja mchangani.

1. Habari ya kijana wetu

Ninyi mkaao mbali na ziwa, sharti niwaeleze kidogo. Kagunga iko mwisho wa nchi upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Burundi. Milima yatushukia nyuma, ziwa liko mbele, na njia yetu kuu ya kwenda Kigoma ni maji. Wavuvi wetu huvua dagaa usiku wa giza kwa taa, maana dagaa hufuata nuru. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu tena, na mitumbwi hulala mchangani.

Basi usiku mmoja wa mbalamwezi, majira ya upepo wa kusini, kijana mmoja wa usharika wetu, mwenye umri wa miaka 16, alichukua mtumbwi wa mjomba wake akaenda ziwani peke yake. Jina lake sitalitaja. Asubuhi mtumbwi ulionekana ukielea mbali, kafi likiwa ndani, na shati lake limekunjwa vizuri juu ya ubao wa kukalia. Siku ya tatu tukampata.

Je, alikwenda kufanya nini? Mvuvi akitaka kupiga mbizi ili aunasue wavu wake, huvua shati akalikunja lisilowe. Mwenye nia nyingine naye aweza kulikunja vivyo hivyo. Upepo ulivuma usiku ule, na upepo huo umewachukua watu wazima waliojua kuogelea tangu utoto. Walakini kijana huyo alikuwa amekaa kimya majuma mengi, tena mtihani wake haukwenda vema. Hayo ndiyo tuyajuayo, wala hakuna zaidi.

Lakini vinywa vya watu havipendi kukaa vitupu. Wengine walinena habari za uchawi, wakaanza kumtazama mama mmoja mzee kwa jicho baya. Wengine walisema alikuwa akivuka kwa biashara ya siri. Wengine, tena ndio walio wengi, walisema amejiua. Usiku wa kabla ya maziko wazee wawili wa Kanisa walinijia nyumbani, wakaniuliza, “Mchungaji, kama amejiua, tutampigiaje kengele?”

Ndugu zangu, hapa naungama mbele yenu. Naliogopa. Sikuogopa kumkosea Mungu. Naliogopa maneno ya watu. Kengele haikupigwa. Jeneza halikuingia kanisani. Nalisoma sala fupi kaburini jua likitua, kisha nikakifunga kitabu. Nilipogeuka niende zangu, bibi yake alinishika mkono akaniambia, “Baba Mchungaji, mjukuu wangu umemzika kama mwizi.” Nami sikuwa na neno la kumjibu.

2. Kitabu alichoniletea rafiki yake

Marehemu alikuwa na rafiki watatu, wavulana wa rika lake. Walikua pamoja, waliogelea pamoja, walipokea Kipaimara siku moja. Siku ya maziko watu wote walitazama kaburi. Hakuna aliyewatazama hao watatu. Wala mimi sikuwatazama.

Ilipopita miezi miwili, mmoja wao, asomaye shule ya sekondari, alikuja kwangu jioni na kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Alinipa shikamoo, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Baba Mchungaji, soma habari za Muthoni, halafu uniambie kama Nyambura alikosa.” Akaondoka bila kunywa hata maji.

Kitabu hicho ni hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwezi wa Mei 2025. Kilichapishwa mwaka 1965 kwa Kiingereza kwa jina la The River Between, na kwa Kiswahili kilitafsiriwa kwa jina la Njia Panda. Nalikisoma siku mbili. Nitawasimulia kwa ufupi, maana wengi wenu hamjakisoma.

Kuna matuta mawili ya milima yanayotazamana, Kameno na Makuyu, na katikati yake unapita mto uitwao Honia. Kameno ni watu washikao mila. Makuyu wako Wakristo, na mhubiri wao ni Yoshua. Yoshua ana binti wawili, Nyambura na Muthoni. Yeye ni mtu mkali katika sheria ya Mungu, na tohara ya wanawake kwake ni dhambi kubwa. Siku moja wale dada wawili wakichota maji mtoni, Muthoni amfunulia mwenzake siri: ataka kutahiriwa. Hataki kumwacha Kristo. Lakini ataka pia kuwa mwanamke kama wanawake wa kabila lake, naye hajui kwa nini hawezi kuvishika vyote viwili. Nyambura ashikwa na hofu. Ampenda baba, ampenda na dada yake. Kisha Muthoni akimbilia Kameno kwa shangazi yake. Baba apata habari, amtuma Nyambura akamwite. Na asiporudi, si binti yake tena. Muthoni harudi. Atahiriwa, na jeraha lake halipoi. Waiyaki, kijana aliyetahiriwa naye msimu ule mmoja, amwona akidhoofika. Mwishowe achukuliwa hospitali ya misioni huko Siriana. Huko afa. Kabla ya kufa amwagiza Waiyaki ampelekee dada yake habari kwamba amemwona Yesu, na kwamba amekuwa mwanamke kamili katika kabila.

Vijana msomao, msichukue neno hili kama sifa ya desturi ile. Desturi ile ilimwua Muthoni, nayo imewaua na kuwaumiza wengi walio hai wasiandikwe kitabuni. Sheria ya Tanzania tangu mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yaikataza kwa wote. Jambo hilo si la kubishaniwa tena. Bali tuulize jambo jingine, lile aliloliuliza kijana wangu.

Jeraha la Muthoni lajulikana. Lakini maana ya kifo chake haijulikani. Je, alikufa akiwa mwasi au akiwa mwamini? Alimwacha Mungu wa baba yake, au alimwona kwa macho ambayo baba yake hakuwa nayo? Mwandishi hasemi. Amemwacha Muthoni na maneno yake ya mwisho, naye msomaji amepewa mzigo huo auchukue.

Lakini watu wa matuta yale hawakutaka kuuchukua. Kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Kwa Yoshua, binti yule alikuwa amekwisha kufa siku ile alipoasi. Kifo chenyewe hakikuongeza kitu. Wamisionari wa Siriana waliona ushahidi wa ubaya wa mila, na shule yao ikawafungia mlango watoto wa walioishika tohara. Wazee wa Kameno waliona adhabu na onyo kwa ajili ya Yoshua na dini yake ngeni. Hivyo msichana mmoja aliyelala kaburini akawa fimbo mikononi mwa watu wa pande zote. Kila upande ulimtumia kuupiga upande wa pili.

Hadithi hiyo haikutungwa hewani. Mwaka 1929 katika nchi ya Wakikuyu, misioni kadhaa ziliwataka Wakristo wao waikane desturi ile. Watu wengi wakatoka makanisani, na shule za kujitegemea zikaanzishwa nje ya misioni. Vita hivyo vilikuwa vya kweli, na watoto walisimama katikati yake.

Sasa, ni nani aliyemlilia Muthoni kwa kuwa ni Muthoni? Ni wawili: dada aliyekuwa rafiki yake wa kwanza, na Waiyaki aliyemwona akiugua. Na hao ndio waliobaki bila mtu wa kuzungumza naye. Nyambura alirudi katika nyumba ambamo jina la dada yake halikutajwa tena. Akawa mpweke, sala za baba yake zikawa kama maji yasiyokata kiu. Waiyaki naye alishika kazi kwa nguvu nyingi. Alijenga shule, alikusanya walimu, akafikiri elimu itayaponya matuta yale. Lakini neno la upatanisho, lile ambalo kifo cha Muthoni kiliacha moyoni mwake, alilichelewesha siku kwa siku, hata wakati ukapita. Mwisho wa kitabu twaona Waiyaki na Nyambura wamesimama pamoja mbele ya hukumu ya watu. Kifo kisichopata mahali pa kuliliwa kiliwafuata hao wawili mpaka mwisho.

Nilipokwisha kusoma nalijiona ndani ya kitabu, wala si pale nilipopenda kuwa. Nilitamani kuwa Waiyaki. Nilikuwa Yoshua.

3. Mizigo mitatu

Nalimwita yule kijana, nikamwomba awalete na wenzake. Tuliketi nyuma ya kanisa, nikawaambia, “Wanangu, niliwasahau. Nisameheni.” Walishangaa, kwa kuwa hawajazoea kuombwa radhi na mtu mzima. Kisha mmoja mmoja akafungua kinywa. Wameniruhusu niyaandike haya, ili yawafae wengine.

Wa kwanza alisema, “Mimi aliniita twende naye usiku ule. Nilikuwa na usingizi, nikamwambia kesho.”

Wa pili alisema, “Mimi nilikuwa sisemi naye. Tuligombana juu ya deni la shilingi elfu mbili. Alinisalimu njiani siku ile, nikapita.”

Wa tatu, mwenye kitabu, alikaa kimya hata nikadhani hatasema. Kisha akanena, “Mimi aliniambia. Aliniambia amechoka, na kwamba hatamani kuiona Januari. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikanyamaza kama Nyambura.”

Ndugu zangu, tazameni. Kijiji kizima kiliuliza, “Amekufaje?” Watoto hawa watatu waliuliza kila mmoja peke yake, “Je, mimi ndimi niliyemwua?” Na kwa kuwa hatukujua sababu, kila mmoja aliichukua sababu akaiweka ndani yake mwenyewe. Kifo kikiwa na sababu iliyo wazi, huzuni ina mahali pa kukaa. Kifo kisicho na sababu kinapita kama mgeni asiye na kwao, kikibisha mlango wa kila rafiki, na kila rafiki hudhani amekuja kwake tu.

Bwana Yesu aujua mlango huo. Someni Yohana 11. Lazaro amekufa, na Bwana amechelewa kufika Bethania. Martha amlaki njiani, asema neno la “kama”: kama ungalikuwapo. Mariamu aja baadaye, wala hakumsikia dada yake, asema neno lile lile. Maana neno hilo ndilo la kwanza kwa kila aliyefiwa: kama ningalikwenda, kama ningalimsalimu, kama ningalisema. Na Bwana alifanya nini? Hakumkemea Mariamu kwa neno lake. Hakumweleza habari ya kuchelewa kwake. Aliona machozi yake, akafadhaika rohoni, akauliza kaburi liko wapi, kisha akalia. Yeye aliyejua atakachofanya dakika chache baadaye, alilia kwanza pamoja na rafiki.

Basi yule kijana aliniuliza tena, “Je, Nyambura alikosa?” Nikamjibu hivi, nanyi mpime maneno yangu.

Nalimwambia: Mwanangu, Nyambura alipewa mzigo wa watu wazima akiwa bado mtoto. Katika nyumba yake hapakuwa na sikio. Palikuwa na sheria tu. Angaliisema siri ile, angalipata fimbo, wala hangalipata msaada. Kwa hiyo lawama ya kwanza si yake. Ni ya mwenye nyumba, aliyejenga nyumba ambamo kweli haiwezi kusemwa. Nawe ulikuwa na siri nzito, ukatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumwambia. Ulimtazama mchungaji wako, ukaona mtu ambaye hatampigia mtu kengele. Kwa hiyo lawama hiyo nipe mimi kwanza.

Tena nalimwambia: Sitakudanganya. Siwezi kukuambia kwamba ungalisema ingalikuwa bure, sijui. Wala siwezi kukuambia kwamba ungalisema angaliishi, sijui. Hata kama alikwenda ziwani kwa kukata tamaa au kwa ajili ya wavu, sijui. Wewe nawe hujui. Ajuaye ni mmoja, naye hakukupa mkononi mwako pumzi ya mwenzako uichunge usiku na mchana. Kama uliteleza, kwake kuna msamaha, nami natumwa kukutangazia msamaha huo leo. Kama hukuteleza, kwake kuna faraja. Katika mambo yote mawili njia ni moja: mwendee Yeye, wala usiende ziwani.

Kijana akalia. Wenzake wakalia. Nami sikuona haya kulia pamoja nao.

4. Mambo tupaswayo kuyafanya

Kwanza, tuache kuwahukumu wafu tusiojua mwisho wao. Sisi Walutheri twafundisha watoto Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliiandika mwaka 1529. Katika maelezo ya amri ya nane, ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo, Luther afundisha kwamba haitoshi kujizuia na masingizio. Twapaswa kumtetea jirani, kumnena kwa wema, na kuyachukua mambo yake yote kwa maana iliyo njema zaidi. Watoto wa Kipaimara hulikariri neno hilo kwa moyo. Je, jirani akifa huacha kuwa jirani? Shati lililokunjwa laweza kusomwa kwa maana mbili. Amri ya nane yatuambia tuchukue ile iliyo njema.

Na kama angalikuwa amejiua kweli? Hata hapo tusikimbilie kufunga mlango wa mbinguni kwa funguo tusizopewa. Wanafunzi wa Luther waliandika mazungumzo yake mezani, na katika mwaka 1532 alinena kwamba haoni kuwa watu wa namna hiyo wamepotea hakika. Kwa maana hawakufanya kwa mapenzi yao, walishindwa na nguvu ya Shetani, kama msafiri auawaye na mnyang'anyi mwituni. Ni nani kati yetu angemnyima kengele msafiri aliyeuawa mwituni?

Tena sisi wa Kagunga tunalo fundisho letu wenyewe. Mwezi wa Mei mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walikimbilia kwetu kwa maelfu mengi, wakalala ufuoni, hata wageni wakazidi wenyeji. Kipindupindu kikaingia, wengine wakafa kabla meli ya Liemba haijawafikishia zamu ya kwenda Kigoma. Wako waliozikwa nasi tusijue wala kabila yao wala dhehebu lao. Sikumbuki mzee hata mmoja aliyeuliza kama mgeni yule aliishi vema au alikufa vema. Tulivua kofia, tukaomba. Basi tuliyowafanyia wageni tusiowajua, mbona tulimnyima mtoto wetu tuliyembatiza?

Pili, tuwatazame rafiki. Rafiki watatu wa Ayubu waliposikia mabaya yaliyompata, walikuja, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona ya kuwa uchungu wake ni mkubwa mno (Ayubu 2: 11–13). Hiyo ndiyo kazi yao iliyokuwa njema. Ubaya ulianza siku walipofungua vinywa kumweleza sababu. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia kwa ajili ya maelezo yao. Tukifiwa na kijana, mara tumwulize kila mzee: Ni nani waliokaa naye dawati moja? Ni nani waliocheza naye mpira? Twende tukaketi nao. Chakula cha matanga huwafikia wajomba na mashangazi. Mara nyingi rafiki hurudi nyumbani na njaa, maana hakuna aliyemhesabu kuwa mfiwa.

Tatu, ninyi vijana, nisikieni kama baba yenu. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka duniani, na kwamba kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Basi mwenzako akikuambia amechoka na maisha, usicheke, wala usimhubirie haraka. Mwulize waziwazi kama awaza kufa. Swali hilo halimpandi mtu wazo baya, humfungulia mlango. Usimwache peke yake. Na siri ya namna hiyo usiitunze, hata kama umeapishwa, maana kiapo cha kumwacha mtu afe hakikufungi mbele za Mungu. Mwambie mzazi, au mwalimu, au mganga wa zahanati, au mchungaji. Wa kwanza asiposikia, nenda kwa wa pili. Ni heri mwenzako akukasirikie mwaka mzima akiwa hai.

Nanyi wazazi na wazee, neno hili halina faida ikiwa kijana akija kwetu atakuta fimbo. Yoshua wa hadithi ile alikuwa mtu wa sala. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi. Lakini binti zake waliongea mambo ya mioyo yao mtoni, mbali na nyumba yake. Tujiulize usiku wa leo: watoto wangu huongea wapi?

Mwisho

Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, tunapowakumbuka marehemu wetu, nalisimama mbele ya usharika nikaungama kosa langu kama nilivyoungama kwenu. Mzee mmoja wa wale wawili alisimama naye akasema, “Na mimi.” Yule wa pili hakusimama, namwombea, wala simlazimishi. Kisha nikalisoma jina la kijana wetu pamoja na majina mengine, na wale rafiki watatu wakaenda kwenye kamba, wakaipiga kengele. Waliipiga muda mrefu kuliko desturi, wala sikuwazuia. Wavuvi ufuoni waliisikia, wakasimama na nyavu zao mikononi. Yule mama mzee aliyesingiziwa uchawi alikuwa ameketi benchi moja na bibi wa marehemu.

Baada ya ibada bibi alinijia. Sikujua atasema nini. Akanishika mkono ule ule, akasema, “Sasa amezikwa.”

Ndugu zangu, hata leo hatujui ni nini kilichotukia usiku ule juu ya maji, wala hatutajua mpaka siku ile yatakapofunuliwa yote. Mnara wa Siloamu ulianguka, na Bwana hakutuambia kwa nini. Lakini alituambia tutubu, nami nimejifunza maana ya kutubu hapo: kuacha kumwuliza maiti maswali, na kumgeukia aliye hai.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, tunakukabidhi watoto wetu waliokufa tusijue kwa nini. Wewe wawajua kwa majina. Utusamehe sisi tuliofunga milango. Uwafariji rafiki zao waliobaki na neno la “kama”, uutwae mzigo huo mabegani mwao. Na yule kijana asomaye gazeti hili usiku wa leo, naye amechoka, umpe mtu wa kumwambia kabla hakujakucha. Amin.

Mchungaji wenu, Kagunga